Aliyekula kwa Jina la Moto

Bibi kizee aliingia uani kwa Kapeka mchana, mvua ikinyesha kama inavyonyesha Puna, pembe ile ya kisiwa, siku zote, yaani bila sababu na bila haya. Nywele zake nyeupe zilimwagika mpaka kiunoni, gauni lake refu lilikuwa jekundu lililopauka, na nyuma yake alifuatwa na mbwa. Kuhusu rangi ya mbwa huyo, watu wa kijiji cha Keauoli walikuja kubishana sana baadaye, lakini Kapeka alimwona kwa macho yake mawili, na alikuwa na rangi ya matope.

"Nina kiu," bibi akasema. Hakupiga hodi.

Kapeka alikuwa barazani, amezungukwa na majani ya mkadi, anasuka mkeka. Akamwonyesha kwa kidevu. "Tangi lile pale. Kata imening'inia msumarini."

"Na njaa pia."

"Hiyo sasa tangi haliitibu."

Angeendelea, kwa sababu Kapeka hakuwa mtu wa kuacha neno likae peke yake mdomoni, lakini mumewe alitokea mlangoni. Iokepa alikuwa mwanamume mkubwa, mpole, dereva wa lori la mapapai, na alikuwa amelelewa na nyanya yake. Mtu aliyelelewa na nyanya utamjua tu. Akatazama zile nywele, akatazama lile gauni, akamtazama mbwa, na rangi ikamtoka usoni kama nguo ya dukani iliyofuliwa mara ya kwanza.

"Karibu ndani, bibi," akasema kwa sauti ndogo. "Karibu sana. Kapeka, inuka."

"Niinuke niende wapi?"

"Inuka, mke wangu, nakuomba."

Alimvuta mpaka jikoni, akamnong'oneza jambo ambalo kila mtoto wa Puna analijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Kwamba Pele, mwenye moto, bibi wa shimo la mlimani, hutembea. Kwamba hujigeuza kikongwe, akapita nyumba hadi nyumba akiomba maji na kipande cha samaki, na mbwa mweupe huwa pembeni yake. Nyumba iliyompa, moto ukija huizunguka. Nyumba iliyomnyima hulala chini ya jiwe mpaka leo, na ukitaka utaonyeshwa jiwe lenyewe.

"Mbwa yule ni mweupe?" Kapeka akauliza.

"Akioga."

Basi bibi akala. Alikula poi, ule uji mzito wa magimbi, bakuli zima. Akala samaki mkavu, akauliza samaki huyo alikufa lini na kama kuna aliyemlilia. Akala viazi vitamu vilivyowekwa kwa ajili ya chakula cha jioni. Alipomaliza akajinyoosha juu ya mkeka wa Kapeka, ule ambao haujakatwa hata ncha, akalala. Kesho yake alikuwepo. Keshokutwa alikuwepo. Waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakuwahi kupokea mgeni mwenye volkano.

Habari ilifika kijijini haraka kuliko lori la Iokepa, na hilo si ajabu, kwa sababu ilibebwa na Iokepa mwenyewe kwenye lori hilohilo. Kabla ya Jumapili baraza la Kapeka lilikuwa limejaa ndizi, mashelisheli, taji za maua, chupa za pombe ya jini, na vikapu vya ohelo, yale matunda mekundu madogo ya mlimani ambayo hakuna mtu mwenye adabu anayeyala kabla ya kumrushia Pele fungu lake. Watu waliyaleta wakiwa wameinamisha vichwa. Bibi aliyapokea akiwa ameketi kwenye kiti pekee chenye mgongo. Wala hakusema hata siku moja kwamba yeye ni Pele. Watu wamwelewe hapo. Hakusema kwamba ndiye, na hakusema kwamba siye, na kati ya maneno hayo mawili alinenepa.

Aliyemwumiza Kapeka kichwa zaidi alikuwa Shemasi Hosea Kaiwi. Huyu ndiye aliyesimama kanisani kila Jumapili akakemea sanamu, mizimu, na wote wanaotupa matunda kwenye mashimo. Jumapili ile alikemea kwa nguvu kuliko kawaida. Jumatatu, Kapeka akamwona anapita nyuma ya banda la kuku, amevaa suti, amebeba paja la nguruwe lililobanikwa kwenye shimo la mawe ya moto, limefungwa kwa majani.

"Shemasi," Kapeka akamwita, "njia ya mbele imefungwa?"

"Bwana asifiwe, dada Kapeka. Nimekuja kumtembelea mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Yule aliyekula samaki wangu wote asubuhi?"

"Wazee ni wagonjwa kwa namna nyingi," Shemasi akasema, akapita.

Hapo Kapeka akatulia kidogo, maana aliona jambo limejipa lenyewe. Kila mtu Puna anajua kwamba Pele na nguruwe hawapikiki chungu kimoja. Kuna ugomvi wa kale wa mapenzi kati yake na mungu mmoja mwenye manyoya ya nguruwe, na kwa ajili hiyo dereva mwenye akili hapandishi nyama ya nguruwe kwenye njia za mlimani, gari lisije likazima. Shemasi, kwa kuwa alikuwa ameshughulika sana kukemea hadithi hizo, alisahau kuzisikiliza. Kapeka akajifuta mikono, akaingia kutazama ngurumo.

Bibi alifunua majani. Akanusa. Akameza mate.

"Nguruwe," Kapeka akasema, akijitia huruma. "Pole sana, bibi. Shemasi hakukumbuka kwamba unamchukia."

Iokepa, pembeni, akafumba macho.

"Namchukia, naam," bibi akasema, akavuta paja karibu. "Ndiyo maana namla."

Ikawa ndiyo hivyo. Jioni kijiji kizima kilikuwa kinarudia neno hilo kwa mshangao, kwamba limejaa hekima. Na kuanzia siku hiyo watu wakaleta nguruwe kwa wingi, ili wamsaidie bibi kulipiza kisasi.

Miezi ikapita. Kapeka akawa mpishi, mfuaji, na mwogeshaji wa mbwa, maana Iokepa alisisitiza mbwa aoge, na kweli, baada ya sabuni nyingi, mbwa akafikia rangi ya chai ya maziwa. Kijiji kikasema si unaona, mweupe pe. Bibi alilalamikia mto, akalalamikia upepo, akalalamikia namna Kapeka anavyoponda magimbi. "Mwanangu, unaponda kama unamtafuta mtu," alimwambia. Kapeka akajibu kwamba mtu mwenyewe hayuko mbali. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Na ingawa asingekiri hata kwa kiboko, Kapeka alianza kuyasubiri mabishano hayo, kwa sababu Iokepa hakuwahi kubishana naye tangu wafunge ndoa, na kuishi na mtu anayekubali kila kitu ni kama kula poi bila chumvi.

Kisha akaja mwanamume mmoja kutoka upande wa mji wa Hilo, amevaa kofia nzuri, anauliza nyumba kwa nyumba. Kapeka alimkuta penye lango.

"Namtafuta shangazi yangu," akasema. "Mzee, nywele ndefu, ana mbwa mchafu. Anaitwa Makaleka. Aliondoka kwangu tukiwa tumegombana kidogo."

"Mmegombania nini?"

Akavua kofia, akaivaa tena. "Mke wangu alisema jikoni kuna nafasi ya mwanamke mmoja. Tulimtengenezea mahali pake, si kwamba tulimtupa. Kibanda kizuri tu, karibu na kuku."

Kapeka akamwonyesha kwa kidole. Barazani, bibi alikuwa ameketi na taji la maua shingoni, miguu juu ya mto, Meleana mke wa Shemasi anampepea, na watu wawili wamepiga magoti mbele yake kuhusu mambo ya uzazi. Mpwa akatazama kwa muda mrefu.

"Anaonekana ametulia," akasema hatimaye.

"Sana."

"Basi msimwambie kwamba nimekuja. Asije akasumbuka." Akageuka, na kwa mtu aliyetembea mwendo wa kuchoka alipokuja, aliondoka kwa miguu ya ujana.

Sasa Kapeka alikuwa na ukweli mkononi, na ukweli ni kama samaki mbichi, haukai. Alianza na mumewe. Iokepa akasikiliza, akatikisa kichwa taratibu.

"Mke wangu, ulitaka aje kama nani? Akijigeuza kikongwe, si lazima awe kikongwe wa mtu? Lazima awe shangazi wa mtu fulani."

Akamwendea Meleana. Meleana akasema jina Makaleka linathibitisha, maana lina herufi nyingi mno kwa kikongwe wa kawaida. Akamwendea hata Kimo Nalua, bahili mkuu wa Keauoli, mtu ambaye hakuwahi kumletea bibi hata ganda la ndizi, akidhani huyo angalau atamwunga mkono. Kimo akasema yeye hana maoni, na kwamba maoni yakitoka nyumbani kwake yanaweza yasirudi.

Kapeka akaacha. Alirudi jikoni akakuta bibi amejipondea magimbi mwenyewe, vibaya, na amemwachia bakuli lake limefunikwa kwa jani. Kapeka akala.

Mwanzoni mwa mwaka ardhi ilianza kutetemeka. Puna hutetemeka kila mara na hakuna anayejali, vikombe huhama kidogo juu ya rafu na kurudi siku nyingine. Lakini safari hii vikombe vilianguka. Barabara ikapasuka. Asubuhi moja, juu kidogo ya kijiji, katikati ya shamba la mapapai ambamo Iokepa alikuwa ameegesha lori lake siku iliyotangulia, ardhi ikafunguka kama mdomo wa mtu anayeamka, na moto ukasimama wima kushinda minazi.

Serikali ikamleta bwana mmoja mwenye kofia ya chuma na kipaza sauti. Alikuwa kijana mstaarabu. Alipita barabara nzima akiwaomba watu waondoke, akawaeleza mwelekeo, mteremko na kasi, akawaambia malori yako tayari kule barabara kuu. Watu wakamsikiliza kwa heshima. Wengine wakamletea kahawa. Kisha wote kwa pamoja wakampita, wakaenda barazani kwa Kapeka.

Shemasi Hosea alikuwa mbele, amevaa suti yake ya Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano.

"Mama mtukufu," akaanza. Kisha akakumbuka kazi yake. "Yaani, bibi. Tumekula pamoja. Nadhani wewe mwenyewe utasema kwamba tumekutendea vizuri."

"Nguruwe alikuwa mzuri," bibi akakubali.

"Basi moto ule. Kama ungeweza kuuambia upite kwa jirani. Si lazima uzimike, hatuna makuu. Upite tu kwa jirani."

Watu nyuma yake wakaitikia kama kanisani. Bibi akawatazama mmoja mmoja, na Kapeka, aliyekuwa mlangoni, akaona anaivuta miguu yake chini ya kiti kama anayetafuta pa kukimbilia.

"Bibi anahitaji kujitayarisha," Kapeka akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka mjadala. "Mungu gani anayetoka bila kuchana nywele?" Akamshika mkono, akamwingiza jikoni, akafunga mlango.

Wakatazamana.

"Makaleka," Kapeka akasema.

Bibi akaketi juu ya gunia la mchele. "Umejua lini?"

"Mpwa wako alikuja na kofia yake. Sikiliza. Mlango wa nyuma uko wazi, Iokepa ameliegesha lori chini ya mshelisheli. Panda, nitawaambia umepaa. Wataamini. Hawa wataamini chochote mradi kisitoke kwa serikali."

"Wakijua watanipiga mawe."

"Hawatajua. Mimi nimewaambia, nimewabembeleza, wamekataa. Shangazi, huwezi kuwavua watu kitu walichokishona wenyewe."

Makaleka akatazama mikono yake. Nje, ardhi ilinguruma, sufuria zikagongana ukutani. "Mimi sikuwadanganya," akasema. "Nilipita nyumba nyingi kabla ya kwako, kuanzia kule Hilo. Naomba maji, wananiambia bomba limeharibika. Naomba chakula, wananiuliza wanangu wako wapi. Nikafika hapa, mumeo akanitazama kama… Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo, hata nilipokuwa msichana, na nilikuwa mzuri, usicheke. Nikasema moyoni, ngoja nile kwanza, nitakanusha kesho."

Kapeka hakucheka. Alikuwa anajua vizuri sana kwamba yeye mwenyewe, siku ile, alikuwa amempa tangi. Visiwa vyote hivi, vilivyojaa nyimbo za ukarimu, na kikongwe hapewi sahani ya poi mpaka awe na mlima unaowaka nyuma yake.

"Basi twende lorini," akasema, sauti yake imelegea.

"Hapana." Makaleka akainuka, akaanza kuchana nywele zake kwa vidole. "Nimekula kwa jina la mtu. Naenda kuongea na mwenye jina."

"Umerukwa na akili."

"Huenda. Nipe yale matunda."

Wakatoka. Kapeka akiwa amebeba kikapu cha ohelo, kwa sababu mtu hawezi kumwacha kikongwe apande peke yake, na kwa sababu alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa inahitaji mahali pa kwenda. Mbwa akafuata. Watu wakapisha njia. Wanaume wakavua kofia. Yule bwana wa kipaza sauti akakimbia pembeni yao akisema, "Mama, tafadhali, huko hakupitiki," na Shemasi akamshika kola akamwambia awe na adabu, anayepita ni mwenye mali.

Moto haukuwa unakimbia. Hilo ndilo lililomtisha Kapeka. Ulikuja kama ukuta wa makaa meusi unaojimwaga, unagugumia, ukivunjika mbele na kuonyesha wekundu ndani, kisha ukijifunika tena kama mtu anayefunga kanzu. Mipapai iliinama kabla haujaifikia. Mti mmoja wa shelisheli ukasimama mbele yake muda kidogo, majani yakajikunja, ukalipuka. Joto lilisukuma uso kama mkono. Mbwa akakaa chini, akakataa kusogea, na kati ya wote watatu ndiye aliyeonyesha busara.

Makaleka alikwenda hatua chache mbele. Kapeka akabaki nyuma yake, ameshika kiuno cha gauni lake kama anayemshika mtoto ukingoni mwa kisima. Alisikia kila neno.

"Dada," Makaleka akauambia moto. "Mimi ni Makaleka, wa Hilo, wa kibanda cha kuku. Nimekula kwa jina lako. Ndizi, samaki, jini, kila kitu. Nguruwe pia, na najua habari zako na nguruwe, lakini sijapata kula nguruwe kama yule. Hawa watu hawana kosa. Ni wajinga, lakini walidhani wanakupa wewe. Basi hesabu kwamba wamekupa. Mimi kama unanidai, niko hapa."

Akamwaga ohelo kwenye kingo za moto. Yalifanya sauti ndogo ya kutatarika, yakatoweka.

Wakangoja. Kapeka, ambaye hakuwa anaamini, alijikuta ameacha kupumua. Ukuta ukavunjika, ukafunguka, ukajimwaga mbele urefu wa mtu. Haukusimama. Wala haukugeuka. Ulikuja tu, kama ambavyo ungekuja hata kama hakuna aliyesema neno.

"Haya," Makaleka akasema baada ya kitambo, kwa sauti ya mtu aliyepiga hodi na kujibiwa kwamba wenyewe hawapo. "Nimemwambia. Turudi, nyusi zangu zinaungua."

Walipofika chini, kijiji kizima kilikuwa kimesimama barabarani. Shemasi akajitokeza, jasho limelowesha kola.

"Amesemaje?" akauliza. Kisha akajisahihisha. "Yaani, umesemaje?"

Kapeka akamtazama bibi. Alijua hapo ndipo uongo utatoka, ule wa kweli, wa kwanza. Angesema moto utapita pembeni. Angesema kaeni mwimbe. Na watu hawa wangekaa wakaimba mpaka mabati yadondoke.

Makaleka akafuta uso kwa pindo la gauni. "Amesema fungasheni," akasema. "Tena upesi. Anahitaji nafasi."

Hakuna aliyeuliza swali. Watu walitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Magodoro yakatoka madirishani, cherehani zikatoka, picha za harusi zikatoka, kengele ya kanisa ikashushwa na watu sita huku Shemasi akipiga kelele wasiikwaruze. Malori yaliyokuwa yamengoja tangu alfajiri yakajaa na kuondoka kabla jua halijafika kichwani. Yule bwana wa serikali alisimama katikati ya barabara, kipaza sauti kimening'inia mkononi. Alikuwa amewaambia jambo hilohilo asubuhi nzima, kwa vipimo.

"Umewaambia nini?" akamuuliza Kapeka, aliyekuwa anapita na sufuria.

"Maneno yako, mwanangu. Ila wewe huna nywele."

Hakufa mtu hata mmoja. Keauoli yenyewe ikaisha. Nyumba ya Kapeka ilikwenda saa za alasiri, akiwa anatazama kutoka juu ya kilima cha upande wa pili; paa la mabati lilijikunja polepole kama karatasi ya peremende, kisha hapakuwa na kitu. Iokepa alilia waziwazi. Kapeka alisema mkeka ule mkubwa ulikuwa umeanza kuchakaa, jambo ambalo halikuwa kweli.

Kanisa likaenda, nyumba ya Shemasi ikaenda, shule ikaenda. Nyumba zote zilizomlisha bibi zilikwenda, zile zilizompa kidogo na zile zilizompa nguruwe mzima. Moto ulizunguka jengo moja tu, ukalipita kushoto na kulia kwa uangalifu mkubwa, ukaliacha limesimama katikati ya jiwe jeusi bila hata mlango kuungua. Lilikuwa ni choo cha Kimo Nalua.

Mtu mwingine angedhani jambo hilo lingewafikirisha watu. Liliwafikirisha, kwa siku moja. Siku ya pili Meleana alikuwa ameshagundua kwamba bila shaka Kimo alimpa bibi kitu kwa siri, kwa unyenyekevu, bila kujionyesha kama wengine. Siku ya tatu Kimo mwenyewe akaanza kukumbuka. Kwanza ilikuwa kiazi. Baada ya mwezi kiazi kilikuwa kapu, na mwaka ulipoisha alikuwa anawaeleza wageni jinsi alivyomfungulia bibi choo chake katika shida yake, na machozi yakimlengalenga.

Wahamishwaji walipewa viwanja upande wa juu, kwenye udongo mwekundu usiojua kuotesha kitu. Siku ya kugawana, karani akauliza kila familia ina watu wangapi. Kapeka akasema, mimi, mume wangu, na shangazi yangu, na mbwa akijihesabu basi na mbwa. Makaleka, nyuma yake, akalalamika kwamba kiwanja kina upepo.

Aliishi nao miaka kadhaa baada ya hapo. Sadaka zilikuja kwa muda, kisha zikapungua, kisha zikakoma, kwani watu wenyewe hawakuwa na kitu, na Pele aliyekwisha kula kijiji kizima hakuonekana kuwa na njaa. Nguruwe hakuonekana tena. Alikula walichokula wao. Alilalamikia samaki, akalalamikia goti lake, akamfundisha Kapeka nyimbo za zamani za matusi ambazo shemasi hapaswi kuzisikia, na jioni walikaa wakitukanana kwa upole mpaka Iokepa asinzie.

Alifariki asubuhi moja, akiwa bado anamwambia Kapeka kwamba kahawa ni nyepesi.

Mazishi yalijaa. Shemasi Hosea alisimama mbele ya jeneza na Biblia mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakosa neno. Ilionekana wazi kwamba hajui kama amwombee marehemu au amwombe. Mwishowe aliomba kwa sauti ya chini, kwa maneno ya jumla, akitupa jicho kila mara upande wa mlima. Wazee wakanong'ona kwamba hajafa, amerudi kwake tu. Mpwa kutoka Hilo akaja pia, na kofia mpya. Alilia kuliko wote, akasimulia jinsi walivyopendana. Kapeka akampa sahani ya chakula, kwa kuwa hata mnafiki ana tumbo, na akamkalisha karibu na kuku.

Watu walipoondoka, Iokepa alimkuta mkewe nyuma ya nyumba, ameinamia sufuria chafu, mabega yanatikisika. Akasimama, hajui aweke wapi mikono yake mikubwa.

"Mke wangu," akasema, "si wewe uliyesema siku zote kwamba yule hakuwa yeye?"

"Ndiyo maana nalia," Kapeka akasema. "Angekuwa mungu ningemlilia wa nini? Nipe maji hayo."